Bamaman Teta Babili

Kwa mara ya saba tangu asubuhi, mashine ilikataa.

Mukundwa alisoma tena ile mistari myekundu kwenye kioo cha kompyuta: "Faili mbili zinataka mahali pamoja: maman-teta. Sijengi kitu mpaka uchague."

"Iko inakataa tena?" aliuliza Mzee Habineza, mratibu wa koperative. Alikuwa anajipepea kwa kofia, wakati dirisha liko wazi na upepo wa ziwa unaingia bure.

"Inakataa, Mzee."

Mukundwa alikuwa anawajengea mama washonaji tovuti yao. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila mshonaji alijaza fishe, ile karatasi ya maelezo yake, kila fishe ikawa faili, na programu inageuza kila faili kuwa ukurasa, kwa jina lile ambalo soko linamuita mwenyewe. Maana ukiingia soko la Kamembe na kuuliza jina la kwenye kitambulisho, utazeeka umesimama. Uliza Maman fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, utashikwa mkono mpaka mlangoni kwake.

Basi kulikuwa na Maman Teta wa Kamembe, na Maman Teta wa Rwimbogo. Wote wanashona magauni, na hawajaonana hata siku moja. Kuongeza mtaa kwenye jina, komite ilishakataza: wateja wa Bukavu wakiona neno Rwimbogo watasema ni mbali. Na saa kumi kamili tovuti ilitakiwa ifunguliwe ukutani kwa projekteri. Isipofunguka, kazi inakwenda kwa kampuni moja ya Kigali, na Mukundwa anarudi kuwachapia watu barua pale kituo cha mabasi.

"Futa mumoja," alisema Mzee.

"Nani?"

Mzee aliacha kujipepea. "Hapana. Bakae bote."

"Basi naweka namba. Maman Teta wa kwanza, Maman Teta wa pili."

Mzee aliruka kama mtu aliyekalia sindano, na katika ofisi ile ingewezekana kabisa. "Namba? Weye mutoto! Unatafuta vita? Nani atakubali kuitwa wa pili?"

"Ile programu yangu ya zamani haikuwa na maneno mengi hivi, Mzee. Ilikuwa inaandika faili moja juu ya ingine, ya kwanza inapotea kimya kimya."

"Ile ilikuwa na adabu," alisema Mzee kwa huzuni.

Mukundwa alimtazama kwa pembeni. Siku zote alimjua kuwa mtu mwema. Fishe zote alizikusanya yeye mwenyewe kwa pikipiki: siku tatu Rwimbogo, siku tatu Kamembe, na siku ya saba anapumzika Gihundwe kwa mama yake mzazi, hataki mgeni. Lakini leo kila dawa anaitemea mate. Huyu, Mukundwa aliwaza, ameshaongea na wale wa Kigali.

"Mi nashangaa tu," alisema. "Bamama babili, mbali vile, na bote mutoto wa kwanza ni Teta."

"Jina moja ni salama," Mzee alijibu haraka. "Yakikuwa mawili, ulimi unateleza."

"Haya. Tunaongeza jina la bwana. Maman Teta wa kwa huyu, Maman Teta wa kwa yule. Itakuwa imeisha."

Alichukua fishe mbili. Ajabu ni kwamba zote zilikuwa zimelowa pembe ileile, pale palipoandikwa "Bwana". Wino ulikuwa umebaki kama mchuzi wa mboga ya dodo.

"Mvua," alisema Mzee. "Mvua ya Rwimbogo."

"Na hii ya Kamembe?"

"Ilikuwa imelaliana na ile, ndani ya mufuko."

Mukundwa aliziweka fishe mezani. Alichukua simu, akawatumia mama wote wawili kiungo cha kujaza jina la bwana, jibu lidondoke lenyewe ndani ya faili na kuungwa kwenye jina la ukurasa.

"Kule hakuna rezo, simu hazishiki!" Mzee alisema, na sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Hawawezi kujibu!"

Simu ililia ting. Ikalia tena, ting.

"Rezo iko, Mzee. Tena bako njiani bote."

"Bote? Na ba Rwimbogo? Mi nilisema uite ba Kamembe tu!"

"Tovuti ni ya bote, Mzee."

Hakupata hata nafasi ya kuyasoma yale majibu. Mama wa Kamembe walikuwa tayari wanavuta viti, na nje pikipiki zilikuwa zinawashusha wa Rwimbogo, wamejaa vumbi na vicheko. Mwenyekiti wa komite alikaa mbele, mikono kifuani, uso wa mtu ambaye namba ya Kigali ameshaiweka kwenye simu. Mzee Habineza alichukua kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Saa kumi ikafika. Projekteri ikawaka.

"Bamaman," alisema Mukundwa, "leo kila mutu atajiona hapa kwenye ukuta, na jina lake mwenyewe."

Wakapiga makofi. Akabonyeza.

Ukuta ulikaa mweupe muda wa kumeza mate mara moja. Halafu maandishi mekundu yakatokea, kila herufi urefu wa mkono:

"Faili mbili zinataka mahali pamoja: maman-teta-habineza."

Upande wa kulia mama mmoja alisimama polepole. Upande wa kushoto akasimama mwingine. Wakaangaliana, kisha wote wawili wakageuka nyuma kwa pamoja.

Kwenye kiti kulikuwa na kofia tu, na nje pikipiki ilikuwa tayari inapanda mlima.