Alama za Miguu ya Mbwa

Mbwa akitimiza miaka saba, ni mali ya kiwanda cha nyama. Anayepinga anaruhusiwa, mradi karatasi ya pingamizi iwe na alama ya mguu wa mbwa anayemtetea.

Sekela alizunguka mtaa mzima miezi mitatu na kichupa chake cha wino, akibisha hodi, akiwabembeleza watu wawatoe mbwa waliowaficha stoo na chini ya vitanda. "Tukiwa wengi watatusikiliza," aliwaambia. Alipata alama mia tatu na kumi na mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbwa wake mwenyewe, Chaupole.

Leo asubuhi karani wa kiwanda alisimama mlangoni kwake na karatasi ile ile mkononi.

"Dada Sekela, pingamizi lenu tumelisoma na tumelikataa. Ila mmetusaidia sana. Wengi wa mbwa hawa hatukuwa nao kwenye orodha."

Nyuma yake magari yalikuwa yanajipanga barabarani.

"Rufaa je?" Sekela aliuliza.

"Rufaa ipo. Mtuletee alama mara mbili ya hizi." Akamwekea kiganjani kichupa kipya cha wino.

Ng'ambo ya barabara, Mama Atupele, jirani wa kwanza kumwamini, alitoka na mbwa wake amemshika kamba, uso umechangamka.

"Sekela mwanangu, ndio wamekuja kwa ile kazi yetu, eeh? Mimi wangu nimeshamwogesha kabisa!"