Mashine ya Kulinda Samaki

Kilichomrudisha Bwana Haroub kwa mkewe mkubwa, Bi Raya, hakikuwa mapenzi. Ni samaki wake wa maji ya chumvi, aliowafuga kwenye tangi la kioo sebuleni. Leo kaja na mashine mbili za kuwalinda.

“Chagua, utakayekaa nayo ni wewe. Nikishaifunga, sina tena la kunileta hapa.”

“Nani kakuita? Hii yafanyaje?”

“Yenyewe hurekebisha joto la maji, kimya kimya.”

“Na hii?”

“Kelele tupu. Maji yakipata joto, hunipigia simu nije mbio.”

“Nifungie ya kelele. Kimya chako chanitosha.”

Akaifunga, akautumbukiza majini waya wake wa kupimia joto, akaenda zake kwa mke mdogo bila kuaga.

Bi Raya akamimina chai inayofuka. Akauchomoa ule waya kutoka majini, akauchovya kikombeni, kisha akageuza kiti kikatazama mlango.