Kengele ya Klabu ya Bukini

Zamani, Bata Bukini walihamia bwawani kutoka ng'ambo, wakajenga klabu yao wenyewe. Ndege wa pale hawakuruhusiwa kuingia, ila Kanga peke yake, boi wao. Kengele ya mezani ikilia, Kanga hutoka mbio na chai. Kukaa kitini, marufuku.

Bukini walipohama, ndege wa bwawani waliichukua klabu, wakamchagua Kanga mwenyekiti. Lakini kila akitaka kukaa, miguu inamkatalia. Akawa anasimama nyuma ya kiti chake.

Siku moja akamwona langoni Bukini kikongwe, aliyeshindwa kuruka na wenzake.

"Ingia, memsahibu."

"Si klabu yangu tena."

"Ni ya kila anayeishi bwawani. Kwani wewe unaishi wapi?"

Bukini akaingia, akaketi, na kwa mazoea akagonga kengele. Kanga huyoo, mbio jikoni!

"Ngoja, Mzee Kanga," akaita Bukini, ambaye miaka yote alimwita "boi" tu. Akainuka, akamkalisha kwenye kiti cha mwenyekiti, akamsogezea kengele. "Leo gonga wewe."

Kanga akaigonga polepole. Bukini akajikongoja jikoni.

Chai ilifika nusu imemwagikia sahanini. Kanga akainywa yote, amekaa.