Josho la Saa Mbili Asubuhi

Wenzake walipotoka kwenda kula, Optatus alifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akautikisa kuhakikisha, ndipo akarudi mezani kupakua kitu alichokuwa akikisema vibaya tangu aajiriwe. Ungemwona ungedhani anaiba.

Ofisi yao, pale Ipagala, hutengeneza tovuti, na wiki hiyo ilikuwa imegawanyika kwa sababu ya maktaba. Si za vitabu. Kwa watu wa kazi hiyo, maktaba ni vipande vya ukurasa vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine huko duniani: kalenda, vitufe, menyu. Unachukua bure, unabandika kwenye kazi yako, unaendelea na mambo mengine.

Yasinta alizitaka. "Kaka Optatus, hii kalenda imejaribiwa na maelfu ya watu. Tuhangaike na nini wakati kitu kipo tayari?"

"Unamjua aliyeitengeneza?" Optatus alimjibu. "Siku akichoka akaiacha, utampigia nani? Halafu imebeba mizigo chungu nzima ambayo huihitaji, simu ndogo ya mteja itaifungua mpaka kesho. Na saa za Kiswahili haizijui. Iambie saa mbili asubuhi uone."

"Na ya kwako ikiharibika ukiwa likizo, tumpigie nani?"

Ofisi nzima ilicheka, na Optatus akanuna. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi huyu Yasinta, tangu hajui hata kuweka kitufe katikati ya ukurasa.

Bosi wao, dada Joha, alichoka kusikia ubishi uleule kila siku, akaamua kuumaliza. Kulikuwa na kazi ya chama cha wafugaji wa Kongwa, ukurasa wa kupanga zamu za kuogesha ng'ombe kwenye josho. Ijumaa kila mmoja aje na wake, Optatus ulioandikwa kwa mkono, Yasinta wa maktaba, na mwenyekiti wa wafugaji achague. Atakayeshinda ataongoza timu, na mwenzake atakuwa chini yake.

Chini ya Yasinta! Optatus alilifikiria hilo mpaka akaisukuma pembeni sahani ya wali. Aje kumwomba ruhusa ya kwenda msibani binti aliyemfundisha mwenyewe? Iliuma, tena iliuma hasa.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na kalenda yake ya mkono ilikuwa imegoma. Kwenye kompyuta ilipendeza, lakini kwenye simu ndogo tarehe zilipandana, huwezi kugusa tano usiguse kumi na mbili. Alikuwa amejaribu kila analolijua. Ndiyo maana akafunga mlango, akapakua maktaba ileile aliyoitukana, akaibandika, akafuta kila jina la wenyewe. Tarehe zikakaa kwenye mstari bila shida. Saa za Kiswahili ndizo zilizomtoa jasho. Aliipekua maktaba yote asione pa kuziweka, basi akabadilisha juu juu maneno ya kuchagulia saa, akamwachia Mungu.

Wenzake waliporudi, Yasinta alikuwa na macho mekundu, anapiga miayo.

"Vipi, ya kwako inaendaje?" Optatus akamwuliza.

"Iko vizuri tu, kaka. Si kubandika?" Akageukia kompyuta yake, akaisogeza kidogo upande wa ukutani.

Ijumaa alikuja mwenyekiti, Mama Penina, kikoba begani na simu ndogo mkononi. Wote wakasimama kumwamkia. "Marahaba, wanangu," akaitikia, akakaa. Hakutaka soda wala maelezo. Alitaka kugusa mwenyewe.

Alianza na ya Optatus. "Tarehe zinakaa vizuri," alisema, na Optatus akavuta kiti karibu. Mama akachagua saa mbili asubuhi, akabonyeza. Ukurasa ukamjibu kwamba amepangiwa 8:00.

"Saa nane?" Mama Penina akainua macho. "Saa nane mchana, na jua la Kongwa? Labda mje kuwaswaga ninyi hao ng'ombe."

Akafungua ya Yasinta, akachagua saa ileile. Ukurasa ukajibu, "Umepangiwa saa mbili asubuhi." Akajaribu saa moja, akajaribu saa kumi na mbili, kote akajibiwa sawasawa. Alifurahi mpaka akamwonyesha Joha ile simu. "Hii inaongea kama mtu. Nipeni hii."

"Optatus," Joha akasema Mama alipoondoka, "si ulituambia maktaba haijui saa zetu?"

Angesema nini? Kwamba aliipekua kona zote na hazikuwamo? Angeulizwa aliipekua lini, na ya nini. Akainama kuchomoa waya wa kompyuta yake, aibu imempanda hadi masikioni.

"Basi, ubishi umekwisha," Joha akasema. "Kuandika kwa mkono tumeacha leo. Yasinta ndiye kiongozi wa timu, na Jumatatu atatufundisha wote kutumia hiyo maktaba."

Watu wakapiga makofi. Yasinta aliitikia kwa kichwa tu, akitazama sakafu.

Optatus akatoka nje, akasimama barazani anatazama barabara bila kuiona. Mara akasikia mlango ukifunguliwa nyuma yake, kisha ukifungwa taratibu. Alikuwa Yasinta.

"Sema, bosi," Optatus akamwambia kwa uchungu.

"Usiniite hivyo, kaka. Ile maktaba ilinishinda tangu Jumatano. Kalenda yangu nimeiandika yote kwa mkono, mstari kwa mstari, kama ulivyonifundisha." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Sasa Jumatatu nitafundisha nini? Humu ofisini unamjua hata mtu mmoja anayeiweza?"