Sisimizi wa Msitu wa Mbali

"Zimeni taa," mkwe alisema, "wasije wakaingia wadudu wengine tukashindwa kuwajua wa runinga ni wepi."

Mama alicheka peke yake. Binti yake mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Tangu baba yao azikwe, binti huyo hakuwa amezungumza na mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, mpiga picha za wadudu. Kitindamimba hakuja mazikoni. Alipiga simu akasema yuko katikati ya msitu, mvua imekata barabara. Mama alimwamini. Dada mtu alisema ni uongo mtupu. Leo filamu ya kitindamimba ya msitu huo ilikuwa inaonyeshwa, na dada mtu alikuwa ametoa ahadi: "Nikiuona kwa macho yangu, nampigia hapa hapa, yaishe."

"Hata ukiuona si hoja," mkwe alidakia. Alikuwa fundi wa friji. "Hawa watu wanamtia mdudu kwenye friji mpaka azubae, halafu wanampiga picha mezani. Nimewahi kufungua friji ya mmoja wao nikakuta panzi wamepangwa pa kuwekea mayai."

"Mwanangu hayuko hivyo, baba," Mama alisema. "Yeye hulala kifudifudi kutwa nzima, akimsubiri mdudu aje mwenyewe."

Hakuukasirikia utani wa mkwe wake. Mikono ya fundi huyo ilikuwa na huruma. Ndiye aliyeziba tundu la kikombe cha bluu cha marehemu kwa tone la lehemu, kwa kuwa mzee alikataa kunywea kingine. Siku ya mazishi Mama alikiweka kikombe hicho juu ya kaburi, amekijaza maua ya njano ya uani kwake.

"Mama, watu watatucheka," binti alinong'ona siku ile.

Waliofurahi ni mbuzi. Kesho yake asubuhi hapakuwa na ua hata moja.

Filamu ilianza. Sauti nzito ikasema huu ni msitu usiofikika, usiowahi kukanyagwa na binadamu. Ikaonekana miti mirefu na ukungu. Kisha sisimizi mmoja, mkubwa kama paka, akajaza kioo chote, akipanda jiwe.

Binti alijifuta macho. "Nimemwonea bure, mama. Kumbe kweli alikuwa huko." Alitoa simu mkobani, akabonyeza, akasubiri. "Mdogo wangu? Ni mimi. Nisamehe. Ngoja, ongea na mama."

Mama aliipokea simu bila kuondoa macho kwenye runinga.

"Mama!" Sauti ya kitindamimba ilijaa furaha. "Umemwona sisimizi wangu? Ndiye wa kule nilikokwama wakati ule."

Mkwe, mtu asiyekaukiwa maneno, aliinuka taratibu, akaenda kusimama mbele ya runinga kana kwamba anatafuta kitu sakafuni.

Alichelewa. Mama alikuwa ameshaona kwamba jiwe lile lilikuwa la bluu, na kwamba sisimizi alilizunguka tone la lehemu, akapanda mpaka kwenye maua ya njano, mabichi, ambayo mbuzi walikuwa bado hawajayafikia.