Mkondo Mkavu wa Gortrua

Uvumi ule Sorcha aliupata gulioni Ibrona, kwa mama mmoja mchuuzi wa sindano, na tangu hapo ukamganda kama kupe.

"Tarafa ya jirani inafungwa," yule mama alisema. "Sikuambiwa na mtu. Nimetoka kuwauzia uzi wanajeshi kambini Clanmorna, wameyasema mbele yangu, kwa maneno hayo hayo."

Jirani ya Ibrona ni Clanmorna. Na Gortrua, kitongoji chao kina Sorcha, kilikuwa Clanmorna tangu enzi za machifu wa Kigaeli. Ghala za kabaila zilikuwa zimechomwa moto, na serikali ilikuwa na hasira. Tarafa ikifungwa, kijana akikutwa nje ya mlango wake baada ya jua kutua haulizwi alikuwa wapi. Anatiwa melini, miaka saba Australia. Na nani aliyewahi kumwona aliyerudi?

Sorcha alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Feilim, mpiga fidla wa miaka ishirini. Jua likianza kushuka, nyayo zake zinaanza kumwasha. Siku hiyo hiyo mama mtu alipigilia dirisha misumari, akatia komeo mlangoni, akaweka kiti chake mbele ya komeo.

Wiki tatu. Feilim alilala, akaamka, akamenya viazi, akapiga nyimbo zile zile mpaka mbuzi akageuka ukutani. Moshi wa jikoni ulikosa pa kutokea, wakawa wanakohoa kwa zamu.

"Mama, hata kuku wanatoka," alisema. "Nikitaga utanifungulia?"

"Taga kwanza," akajibu Sorcha, wala hakucheka.

Ndipo wakaja wapima ardhi wa serikali na minyororo yao, kuchora mipaka ya tarafa. Kila kitongoji kilitakiwa kutoa mzee wa kuwatembeza mpakani. Gortrua ilimtoa mzee Fiachra, baba yake Sorcha.

Mpaka ulikuwa kijito, lakini kijito kilihama. Zamani kilipita upande wa Ibrona; mafuriko yakakisukuma hadi upande wa Clanmorna, Gortrua ikabaki katikati ya mkondo mkavu na maji. Mwenyeji anajua mpaka ni ule mkondo mkavu. Mgeni anaona maji tu.

Sorcha alimfuata baba yake zizini, akamwomba jambo moja: kesho asiutaje mkondo mkavu.

Mzee alimtazama kama mtu aliyeombwa auze kaburi la mama yake. "Mwanangu, mpaka huo koo mbili ziliuapia juu ya ng'ombe aliyechinjwa, wakati Mwingereza hajajua hata kama kisiwa hiki kipo. Babu zako wamezikwa watu wa Clanmorna. Leo unataka sisi tuamke watu wa Ibrona?"

"Nataka mwanangu aamke hapa, Baba."

Kesho yake ofisa aliuliza mara moja tu, akiyanyooshea maji fimbo. Mzee Fiachra alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akatazama viatu vyake. Ofisa akachora mstari. Gortrua ikawa Ibrona.

Jumapili mchana Sorcha aling'oa komeo kwa mkono wake mwenyewe. Feilim alisimama kizingitini akipepesa macho, kama ndama anayetolewa zizini baada ya majira ya baridi.

"Nenda," mama yake alimwambia. "Kacheze mpaka uchoke. Sasa wewe ni mtu wa Ibrona."

Hakungoja viazi viive. Alibana fidla kwapani akashika njia ya ngoma ya njia panda, katikati ya Ibrona, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Sorcha alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kilimani. Kisha akavuta pumzi ikafika tumboni, mara ya kwanza tangu siku ile ya gulio.

Jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya kilima, watu walijazana mlangoni pa kanisa. Kulikuwa na karatasi imepigiliwa, kwa Kiingereza. Sorcha naye alijifunga shali akaenda. Alimkuta mama mmoja wa Clanmorna akisali rozari, akamshika mkono, akamwambia ajipe moyo.

Mwalimu Breslin, aliyejua Kiingereza, alisema majina ya mahali yako chini kabisa, karibu na sahihi, lakini kwanza wasikie makatazo, maana yanaanza leo hii. Akayasoma polepole, akiyageuza Kigaeli:

Usitoke nje ya mlango wako baada ya jua kutua.

Usikutwe njia panda, hata ukiwa na sababu.

Usipige ala wala kucheza penye mkusanyiko wa watu.

Usimfiche aliyekutwa nje.

Usivunje lolote kati ya haya popote katika tarafa ya Ibrona, kuanzia kilimani hadi kitongoji chake kipya, Gortrua.