Undugu Uliokwisha Muda Wake

Sheria inataka undugu uhuishwe kila baada ya miaka kumi, kwa saini za ndugu wote wawili. Mimi ndiye mkubwa, hivyo nilimngoja mdogo wangu Damasi aje kwangu.

"Nenda wewe, Baba Tumaini," mke wangu alisihi. "Damasi hawezi hata kuinuka kitandani."

"Mkubwa hamfuati mdogo," nikamjibu.

Muda ulikwisha Ijumaa. Jumatatu Damasi akafariki. Msibani nilielekezwa kwenye viti vya majirani. Binti yake, Sesilia, ambaye jina nilimpa mimi, aliniletea chai.

"Shikamoo, mzee."

"Mimi ni baba yako mkubwa, Sesilia."

Akainamisha macho. "Ulikuwa, mzee. Karibu chai."

Haikuwa na sukari, kama ninavyoipenda. Hakuwa amesahau.